Mbio za motere zipewe siku yake, ziondoke katika mitumbwi ya abiria

Kila anayevuka kutoka Lubunga kuja mjini Kisangani kwa mtumbwi wa motere amekwisha kuona jambo hili. Waongozaji wawili wanaacha ukingo kwa wakati mmoja, wanatazamana, na kabla ya kufika katikati ya mto safari imegeuka mashindano. Wamama wanashika vikapu vyao, watoto wanacheka, mzee mmoja anapaza sauti kwamba hakulipa pesa yake ili afe. Anayefika wa kwanza anachukua wateja wa safari inayofuata, na pia anapata jina. Hakuna kombe wala saa ya kupimia. Hata hivyo ni mbio, na ndani yake wamo watu ambao hawakuomba kushindana.

Mara nyingi watu hao ni familia zilizohama. Tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka umwagaji damu upande wa kushoto wa mto, maelfu ya watu waliacha nyumba zao katika komini ya Lubunga na vijiji vya jirani. Wengi walivuka mto. Kati ya komini 6 za Kisangani, Lubunga peke yake iko ng'ambo ile, na daraja la kuvuka Mto Kongo hapa halipo. Anayetaka kwenda kuangalia shamba lake, kumzika ndugu, kuuliza kama nyumba bado inasimama, lazima apande mtumbwi. Hana uwezo wa kuchagua mwongozaji mpole.

Ndiyo maana wapo wanaosema motere zote zilizochokonolewa zikamatwe na mafundi wao watozwe faini. Hasira yao inaeleweka, lakini wanapiga mahali pasipo. Fundi anayejua kuongezea motere ya zamani mwendo ndiye huyohuyo anayejua kuizuia isizime katikati ya maji. Kisangani haitakiwi kumpoteza. Inatakiwa kumpa mahali pa kuonyesha kazi yake bila abiria.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoisema vibaya hawajawahi kusimama kwenye karakana ya ukingoni saa moja ya asubuhi. Motere nyingi zinazosukuma mitumbwi hapa ni Yamaha za aina ya Enduro, za farasi 15, 25 au 40. Ni motere za mipigo miwili. Huko Marekani na Ulaya, sheria za moshi zimeziondoa sokoni, lakini Afrika bado zinauzwa, kwa sababu zinavumilia na fundi anaweza kuzifungua kwa funguo chache. Ile ya farasi 40 ina silinda 2 tu. Haina valvu za juu, haina kompyuta. Kuna pistoni, segma, karburatere, buji mbili, na matundu ubavuni mwa silinda ambamo esansi inaingia na moshi unatoka.

Siri yote ya mwendo iko katika matundu hayo. Fundi anachukua tupa, anapandisha kidogo ukingo wa juu wa tundu la moshi, milimita moja au mbili, basi. Motere inaanza kupumua haraka zaidi, inazunguka juu zaidi, sauti yake inakuwa kali. Kisha anakwangua kulasi ili nafasi ya kuwakia ipungue na nguvu ya mlipuko iongezeke. Anapanua kijitundu cha karburatere. Anabadilisha elisi, anaweka yenye mapanga yaliyolala zaidi, ili kila mzunguko usukume mtumbwi mbali zaidi. Vijana wengine wanakata na njia ya moshi ili utoke juu ya maji badala ya kupitia chini, na hapo jirani wote wanajua nani amepita.

Kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake, na bei hiyo analipa abiria. Tundu la moshi likipandishwa, motere inapata nguvu ikizunguka sana, lakini inaipoteza ikizunguka polepole. Mtumbwi uliobeba watu 30, mihogo, mkaa na mbuzi wawili unahitaji nguvu ya polepole. Ukiufungia motere ya mbio, unakuwa kama mtu mwembamba wa kukimbia aliyebebeshwa gunia la chumvi. Elisi ya mwendo nayo inafanya motere ihangaike na mzigo, ipate moto, inywe esansi kupita kiasi. Kulasi iliyokwanguliwa inadai esansi safi. Lakini esansi ya hapa inanunuliwa kwa kadhafi, katika bidoni na chupa barabarani, na ikiwa imeongezwa petroli ya taa ili izidi wingi, inawaka kabla ya wakati wake. Fundi anasikia sauti kama mawe madogo yakigongana ndani. Asipoisikia mapema, pistoni inatoboka. Inatoboka mtoni, maana ukingoni motere haikazwi kiasi hicho.

Kuna pia mafuta. Motere hizi hazina akiba ya mafuta ya kulainisha chini, yanachanganywa na esansi. Motere nyingi za siku hizi za aina hiyo zinataka lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esansi. Zile Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 zilitaka lita 1 kwa lita 24, karibu mara mbili. Kijana anayeokota Johnson ya babu yake na kuipa mchanganyiko wa Yamaha ya leo anaiua kwa wiki moja, kisha anasema mzungu alitengeneza kitu kibovu. Na yule anayepunguza mafuta ili apate faida ya safari moja zaidi anafanya kosa hilohilo kwa makusudi.

Piesi za motere hizo za zamani hazitengenezwi tena kama zamani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norvège aliyefanyia kazi mji wa Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza motere yake mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi. Kampuni iliyorithi jina lake iliacha kutengeneza motere hizo mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limekwisha kuondoka sokoni kabla. Kwa hiyo kila Evinrude inayolia mtoni leo ni kitu cha zamani, na anayeiweka hai ni fundi mwenye tupa, kipande cha mpira wa gari na subira.

Subira hiyo Kisangani iliipata kwa shida. Vita vya 1998 vilipokata safari za mto kati ya hapa na Kinshasa, njia ya zaidi ya kilomita 1,700, esansi ilikuwa haba na piesi hazikuja. Mjini, watu walipanda baiskeli, ndipo toleka zikashika barabara zote. Mtoni, mafundi walijifunza kufanya segma moja itumike mara tatu. Hawakuandikwa popote, ila ufundi wao umebaki mikononi mwa wanafunzi wao.

Turudi kwenye mbio. Mwendo juu ya mto huu haukuletwa na Yamaha. Tarehe 1 Februari 1877, pale Aruwimi inapoingia Mto Kongo karibu na Basoko, Stanley alikutana na mtumbwi wa vita wenye wapiga makasia wapatao 80, naye mwenyewe aliandika jinsi ulivyomtisha. Walokele wa Yakusu na Isangi walifanya biashara kwa mitumbwi yao kabla ya meli yoyote ya Wabelgiji. Kijana wa ukingoni anayetaka kumpita mwenzake hajapotoka. Ana damu ya mto. Kitu anachokosa ni uwanja.

Nchi nyingine zilikuwa na vijana haohao. Huko Marekani, miaka ya 1950, Carl Kiekhaefer wa kampuni ya Mercury alitengeneza motere ya mbio iliyoitwa Mark 20H, ndogo, silinda 2, na watu wakaanza kuichokonoa kama wanavyofanya hapa: tupa, kulasi, elisi, hata kuacha esansi na kutumia alkoholi iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Wazee wa huko bado wanazikimbiza motere hizo hadi leo. Lakini wanazikimbiza chini ya sheria. Shirika lao la mbio za mashua lilianzishwa mwaka 1903, na lile la kimataifa, UIM, lilianzia Ubelgiji mwaka 1922. Motere zinagawanywa: zile ambazo haziguswi kabisa, zile zinazoruhusiwa kukwanguliwa kidogo, na zile ambazo fundi yuko huru. Mwongozaji anavaa kofia ngumu na jile. Kamba inafungwa kati ya mwili wake na motere, akianguka majini motere inazima papo hapo, elisi isimrudie. Na kwenye daraja la motere zisizoguswa, mshindi anaweza kufunguliwa motere yake mbele ya wakaguzi, ipimwe kitu kwa kitu. Aliyekwangua kwa siri anapoteza ushindi.

Hapa afadhali yachukuliwe mambo mawili kutoka kwao, kamba na ufunguzi. Kamba hiyo haigharimu kitu. Motere nyingi zinakuja nayo kutoka kiwandani. Ukiangalia vizuri kwenye mitumbwi yetu, mahali pake pamebanwa kwa waya au kipande cha mpira, ili motere iwake bila kamba. Huo ni uzembe, ufukara haumo.

Na ufunguzi ungekuwa shule. Fikiria, msikilizaji, motere ya mshindi inafunguliwa juu ya meza, ukingoni, watu wote wanaona. Fundi anaeleza: hapa nimekwangua, hapa nimeacha, hii elisi ninaitumia kwa mbio tu, siwezi kumfungia nayo mama mwenye mizigo. Watu mia wangeelewa kwa nusu saa jambo ambalo matangazo ya redio ya mwaka mzima hayajalifikisha. Abiria angejifunza kutambua kwa sikio motere ambayo si ya kubeba watu.

Pendekezo basi ni kwamba mji, pamoja na komisaria ya mto na mashirika ya waongozaji wenyewe, uweke siku moja au mbili kwa mwaka. Mbio ziwe chini ya eneo la kuvukia, mbali na mitego ya Wagenia na mbali na njia ya Lubunga, kwa maana wimbi la motere ya farasi 40 linajaza maji mtumbwi mdogo wa mvuvi kwa dakika chache. Mtumbwi uwe na watu wawili tu, wenye jile, hakuna abiria, hakuna mtoto wa kushangilia ndani. Daraja moja liwe la farasi 15, jingine la 40, na moja la heshima kwa motere zilizozeeka kuliko waongozaji wake, Johnson na Evinrude zote zinazolala nyuma ya nyumba. Motere iliyochokonolewa kwa mbio ipakwe rangi nyekundu kwenye kofia yake. Rangi hiyo ionekane siku ya mbio tu. Ikionekana siku ya kawaida nyuma ya mtumbwi wa abiria, komisaria iwe na haki ya kuisimamisha bila mjadala, na abiria wawe na haki ya kukataa kupanda.

Hapo ndipo faini inapata maana. Leo ajenti akimkamata mwongozaji, kinachofuata wanakijua wote wawili: noti inapita mkono hadi mkono, na mtumbwi unaendelea. Hakuna kanuni ambayo abiria anaweza kuionyesha kwa kidole. Rangi nyekundu anaweza kuionyesha hata mtoto.

Litakuja swali, na ni haki lije: watu wamelala chini ya maturubai, wengine wanakula mara moja kwa siku, na mji unataka kuchoma esansi kwa mchezo? Swali hilo lisijibiwe kwa dharau. Lijibiwe kwa hesabu. Motere ya farasi 40 ya mipigo miwili, ikikazwa kabisa, inakunywa karibu lita 20 kwa saa. Mbio ya dakika 10 ni lita 3 na kitu. Mitumbwi 10 ni lita 30 na kidogo. Kiasi hicho kinateketea kila wiki katika mashindano ya bure yanayofanyika sasa na abiria ndani, na hakuna anayepiga kelele. Tena kila anayejiandikisha kwa mbio atoe bidoni moja ya esansi, lita 20, iwekwe kwa mtumbwi mmoja wa dharura kati ya Lubunga na mjini: mama anayetaka kuzaa usiku, mtoto mwenye degedege, mzee aliyeanguka. Mitumbwi 10 inatoa lita 200. Pesa ya serikali ingekawia zaidi.

Wapo watakaotaka kuziita mbio za amani, waweke Mmbole na Mlengola katika mtumbwi mmoja, wapige picha, waende. Huko Buganda koo hushindana kwa mitumbwi ya makasia, na ni jambo zuri, lakini koo hizo hazikutoka kuchomeana nyumba. Mbio za motere haziwezi kubeba mzigo wa mashamba yaliyogombaniwa. Ardhi itaamuliwa na wenye kazi ya kuamua ardhi, na watu wanaosubiri kurudi nyumbani wasipewe kombe badala ya jibu. Mbio zibaki mbio. Kama vijana wa pande mbili watakutana juu ya karburatere moja, heri. Isilazimishwe.

Kuna faida nyingine ambayo haihitaji hotuba. Kati ya familia zilizohama wamo vijana wa miaka 15, 16, waliotoka darasani na hawajarudi. Karakana ya motere inaweza kumchukua mmoja au wawili. Anaanza kwa kuosha piesi kwa esansi chafu, anajifunza kubadilisha kigurudumu cha mpira ndani ya pompi ya maji, ambacho mchanga na majani ya Kongo ya sika yanakimaliza upesi. Pompi hiyo ikikwama, motere haipoi, na dakika chache zinatosha kuiharibu. Anajifunza kwa nini pini ya elisi kwenye motere ndogo imefanywa laini makusudi: ikigonga gogo, pini ikatike, meno ya ndani yapone. Fundi mwenye haraka anaweka msumari mahali pake, na mwezi unaofuata ananunua meno mapya, kama yanapatikana. Kijana akijua hayo anaweza kula kwa mikono yake popote mto unapopita, hapa, Isangi, Bumba, Mbandaka. Taasisi ya serikali ya INPP ipo kwa ajili ya mafunzo ya kazi za namna hiyo. Ingewafaa mafundi wa ukingoni kupata cheti, kwa kupimwa juu ya kazi wanayoifanya tayari, bila kulazimishwa kukaa darasani miezi kumi.

Serikali haikosi amri. Aprili 2019, baada ya mtumbwi kuzama Ziwa Kivu na watu wengi kupotea, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba jile ni lazima kwa kila abiria. Aprili 2025, balenieri HB Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka, moto wa kupikia kama ilivyoripotiwa, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Kati ya ile amri na moto ule ilipita miaka 6. Leo, panda mtumbwi wowote wa Lubunga, hesabu jile. Zikiwepo, huenda ni mbili, mwongozaji amezikalia.

Hapa mashirika ya waongozaji yana neno la kusema kuliko gavana. Wanajuana kwa majina, wanajua nani alikwangua kulasi mwezi jana, wanajua motere gani inalia vibaya. Wakikubali rangi nyekundu wao wenyewe, haitahitajika kumtuma polisi kila ukingo. Wasipokubali, mbio zitaendelea kama kawaida yake, saa moja ya asubuhi, mama mwenye mizigo akiwa mbele na fundi asiyejulikana akiwa nyuma yake na tupa mfukoni.

Maji ya kutosha yapo, motere zipo, mafundi wapo. Kwa upande wa jile, mashirika ya misaada yanayofanya kazi kwenye kambi za wahami yanaweza kuulizwa hata kesho: 20 tu kwa mwanzo, za siku ya mbio, na siku inayofuata zikabidhiwe mtumbwi wa dharura pamoja na zile bidoni 10 za esansi.